Mafua Yenye Kalenda: Mzio wa Chavua katika Ukanda Mkavu wa Shinyanga na Geita

Katika kata ya Nyahanga, Manispaa ya Kahama, mvua za msimu zinapoelekea ukingoni, kati ya mwezi wa tatu na wa tano, nyasi hufika kiunoni kandokando ya njia, mpunga huchanua majarubani, na upepo wa asubuhi huanza tena kupata nguvu. Ni majira anayoyangoja mkulima kwa matumaini. Ni majira hayohayo ambayo baadhi ya watu huyangoja kwa hofu, kwa kuwa wanajua kitakachowafika: chafya kumi au kumi na tano mfululizo mara baada ya kuamka, kamasi nyepesi kama maji, macho mekundu yanayowasha, na mwasho wa kaakaa ambao ulimi hauwezi kuukuna.

Historia ya mgonjwa wa namna hiyo hufanana kutoka nyumba hadi nyumba. Achukuliwe kwa mfano mama wa miaka hamsini anayelima mpunga nje kidogo ya mji. Mwaka wa kwanza alikwenda duka la dawa akapewa vidonge vya amoksilini. Mwaka wa pili akapewa antibayotiki nyingine, kwa kuwa ile ya kwanza “haikuua mafua yote.” Mwaka wa tatu alichomwa sindano. Kila mara alipona baada ya wiki nne au tano, na kila mara dawa ikapewa sifa iliyostahili kupewa jua, lililokuwa limekwisha kuzikausha nyasi. Mwaka wa nne anafika kwenye zahanati, anakutana na tabibu kijana, na mazungumzo yao huenda hivi:

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuja na mafua yangu.”

“Pole sana, mama. Yamekuanza lini?”

“Yameanza mpunga ulipoanza kuchanua.”

“Na mwaka jana?”

“Mwaka jana vilevile.”

“Na mwaka juzi?”

Mama anacheka. “Na mwaka juzi. Haya yana kalenda, mwanangu.”

Maswali matatu tu yameulizwa, wala hakuna kipimo kilichofanyika, lakini kazi ya uchunguzi imekwisha kwa zaidi ya nusu. Mafua ya virusi hayana kalenda ya namna hiyo. Huingia nyumbani yakapita kutoka kwa mtoto kwenda kwa mama na kutoka kwa mama kwenda kwa bibi, huleta homa kidogo na maumivu ya mwili, na kwa kawaida huondoka ndani ya siku saba hadi kumi. Ugonjwa unaorudi kila mwaka katika majira yaleyale, ukamchagua mtu mmoja ndani ya nyumba ukawaacha wengine, ukadumu wiki kadhaa bila homa, huo si uambukizo. Ni mzio, ambao katika mazungumzo ya kila siku huitwa aleji.

Kwamba ugonjwa huu husababishwa na chavua ni jambo lililochukua muda kujulikana. Mwaka 1819 daktari Mwingereza John Bostock alieleza mbele ya madaktari wenzake maradhi ya macho na kifua yaliyokuwa yakimrudia yeye mwenyewe kila kiangazi tangu utotoni, lakini alidhani chanzo chake ni joto. Ilimbidi Charles Blackley wa Manchester, naye mgonjwa wa maradhi hayohayo, ajipake chavua ya nyasi puani na kwenye ngozi aliyoikwaruza ili athibitishe kwamba chavua ndiyo mchokozi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1873. Neno lenyewe aleji lilibuniwa na Clemens von Pirquet wa Vienna mwaka 1906, na kingamwili inayohusika, iitwayo IgE, haikutambuliwa hadi mwaka 1966 na 1967.

Maelezo ya kinachotendeka mwilini si magumu. Mfumo wa kinga wa mtu mwenye mzio umefanya kosa la utambuzi: umeichukua protini isiyo na madhara, iliyomo ndani ya chembe ya chavua, ukaihesabu kuwa adui. Umetengeneza kingamwili za IgE dhidi yake, na kingamwili hizo zimejibandika juu ya seli maalumu zilizojaa katika utando laini wa pua, macho na mapafu. Chavua inapotua hapo kwa mara nyingine, seli hizo hupasua vifuko vyake ndani ya dakika chache na kumwaga histamini pamoja na kemikali nyingine. Histamini ndiyo inayowasha, inayotoa maji na kuleta chafya. Saa kadhaa baadaye hufuata wimbi la pili, la uvimbe, ambalo huziba pua usiku kucha. Wimbi hilo la pili ndilo husahauliwa, na ndilo sababu ya kidonge cha chafya kushindwa kufungua pua iliyoziba.

Swali linalofuata ni chavua ipi. Wengi huyashuku maua yanayopendeza: mkrismasi unapowaka wekundu, au bustani ya mbele ya ofisi. Kwa kawaida shutuma hiyo si ya haki. Ua lenye rangi na harufu limeumbwa kuwaita nyuki na vipepeo. Chavua yake ni nzito, inanata, na haisafiri mbali. Mchokozi mkubwa ni mmea usiomvutia mtu yeyote, yaani nyasi, ambazo hutegemea upepo na kwa hiyo hulazimika kumwaga chavua nyingi mno ili chembe chache zifike mahali pake. Mahindi nayo hutegemea upepo, ila chembe zake ni kubwa na huanguka karibu na shamba, hivyo humsumbua zaidi anayepita katikati ya mistari yakiwa na mbelewele. Mpunga hufungua maua yake asubuhi jua likipanda, saa zilezile ambazo mkulima yumo jarubani.

Miongoni mwa nyasi hizo upo ukoka, ambao kila mtoto wa Nyahanga ameukanyaga. Ukoka ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mzio wa chavua katika nchi kavu na zenye joto duniani, na habari zake zina funzo. Katika jimbo la Arizona nchini Marekani, ambalo sehemu yake kubwa ni jangwa, madaktari wa zamani walikuwa wakiwashauri wagonjwa wa pumu na mzio wahamie huko, kwa imani kwamba hewa ya jangwani ni kavu na safi. Watu wakahamia kwa maelfu, lakini wakahama na upendo wao wa vivuli na majani mabichi. Wakapanda mizeituni, miforosadi na ukoka, wakaimwagilia maji, na baada ya miongo michache wakawa wanapiga chafya jangwani kama walivyokuwa wakipiga walikotoka. Katika nchi za Ghuba hali imefanana. Mti wa Prosopis juliflora, uliopandwa huko kuzuia mchanga, umekuwa miongoni mwa vyanzo vinavyotambulika vya mzio. Ni mti uleule unaoitwa mathenge katika kaunti ya Baringo nchini Kenya, ulikopelekwa miaka ya 1980 kwa nia njema ya kuotesha kijani katika nchi kame, kisha ukageuka kuwa kero kwa wafugaji.

Ukanda wa Shinyanga si jangwa. Hupata mvua kati ya milimita 600 na 1000 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Mei. Hata hivyo jina la jangwa uliwahi kupewa. Misitu yake ilifyekwa kwa miongo mingi ili kumwangamiza mbung’o na kupanua mashamba ya pamba, na kufikia mapema miaka ya 1980 ardhi ilikuwa imebaki tupu kiasi cha kumshtua Rais Nyerere alipotembelea mkoa. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ambao uliifufua desturi ya Wasukuma ya ngitili: kutenga eneo la malisho na kulifungia mifugo wakati wa mvua ili nyasi na miti viote tena. Maeneo yaliyofufuliwa yalifika mamia ya maelfu ya hekta, na mwaka 2002 kazi hiyo ikatunukiwa tuzo ya kimataifa ya Equator.

Historia hiyo inatajwa kwa sababu husikika mara kwa mara, hasa miongoni mwa watu wa mjini, kwamba miti ndiyo imeleta chafya. Mwenye mzio asiichukie ngitili. Migunga na jamaa zake wengi huchavushwa na wadudu, na kivuli chake hutuliza vumbi ambalo lingeumiza pua na mapafu kuliko chavua yenyewe. Tahadhari inayofaa ni ya kuchagua cha kupanda: mche wa kienyeji ni salama kuliko mti mgeni unaosifiwa kwa kukua haraka. Kwa upande wa magugu, lipo moja la kung’olewa kabla halijachanua, nalo ni gugu karoti, lililogunduliwa Arusha mwaka 2010, ambalo chavua yake huleta mzio wa pua na utomvu wake huwasha ngozi. Anayeling’oa avae glavu na afunike pua.

Kiangazi kinapoingia, kalenda hugeuza ukurasa lakini haifungwi. Ndiyo maana katika ukanda huu neno “msimu” lina nyuso mbili. Kuanzia Juni nyasi zimekauka na chavua yake imekwisha, lakini mpunga unapurwa, mashine za kukoboa za Kahama na Kagongwa zinatoa pumba mchana kutwa, pamba inachambuliwa, nyika inachomwa moto, na malori yaendayo Rwanda na Burundi yanatimua vumbi pembezoni mwa barabara. Ndani ya nyumba, godoro na blanketi la msimu wa baridi hufuga utitiri, mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, ambaye kinyesi chake ni chanzo kikubwa cha mzio wa mwaka mzima. Moshi wa kuni na mkaa nao huongezeka, kwa kuwa watu hupikia ndani upepo unapozidi.

Hapo panahitajika utambuzi. Moshi na vumbi la barabarani kwa kawaida si vichochezi vya mzio; ni vikereketi. Humsumbua yeyote, ila humsumbua zaidi mwenye utando wa pua uliokwisha kuvimba. Tofauti hiyo ina faida yake kwa mgonjwa. Anayekereketwa na moshi hatapona kwa kidonge cha mzio, bali kwa dirisha, jiko lenye bomba la kutolea moshi, au kuhamishia mapishi uani. Anayewashwa kila afikapo kitandani, masika na kiangazi, aangalie godoro kabla ya kuangalia nyasi.

Kwa sababu hiyo, pale ambapo kipimo cha ngozi cha kutambua vichochezi hakipatikani, chombo bora cha uchunguzi ni daftari la shule. Mgonjwa aandike kwa mwaka mmoja: siku dalili zilipoanza na zilipokoma, alikuwa wapi, alikuwa akifanya kazi gani, nini kilizidisha na nini kilipunguza. Asiyejua kuandika amwombe mwanawe amwandikie. Mistari miwili kwa wiki inatosha. Tabibu akilisoma daftari hilo ataona kama adui yumo jarubani, chini ya godoro, kwenye mashine ya kukoboa, au mahali pengine ambapo hapapaswi kuitwa mzio hata kidogo.

Mahali hapo pengine pastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndipo uhai wa mtu huweza kupotea. Kutoka Nyahanga hadi Geita, kupita Kakola na Bulyanhulu, umo ukanda wa dhahabu. Mbali na migodi mikubwa, maelfu ya wachimbaji wadogo huteremka maduarani, na wake kwa waume huponda mawe kwa mkono au kuyasaga kwenye karasha. Mwamba unaobeba dhahabu mara nyingi ni wa kwatzi, na kwatzi ikisagwa ikiwa kavu hutoa vumbi la silika, laini kiasi cha kupenya hadi ncha za mwisho za mapafu na kubaki humo. Mapafu hujaribu kulizingira, hutunga makovu, na baada ya miaka kadhaa huja silikosisi, ugonjwa usio na tiba ya kuyarudisha mapafu yalivyokuwa. Isitoshe, mapafu yenye silika hushindwa kupambana na vimelea vya kifua kikuu, na hatari hiyo humfuata mchimbaji hata miaka mingi baada ya kuacha kazi.

Mchimbaji wa namna hii anapoanza kukohoa, neno la kwanza analoambiwa na wenzake ni “aleji ya vumbi.” Neno hilo linafariji. Halina aibu ambayo watu bado wanaihusisha na kifua kikuu, halimzuii mtu kurudi duarani kesho yake, na dawa zake zinauzwa kila kona. Hununua setirizini, kisha dawa ya maji ya kikohozi, kisha vidonge vya deksamethasoni ambavyo humpa nafuu ya siku chache kwa kuwa hutuliza uvimbe wa aina yoyote. Nafuu hiyo ni ya hatari. Steroidi za kumeza hudhoofisha kinga, na kama kifua kikuu kimo ndani, hukifungulia mlango huku zikificha moshi wake.

Kalenda ndiyo inayoufichua udanganyifu huo. Mzio huja na kuondoka. Kifua kikuu na silikosisi havina likizo. Mzio huwasha, hutoa maji mepesi na haupunguzi uzito. Kifua kikuu huleta jasho la usiku, homa za jioni, kukonda, na wakati mwingine damu katika makohozi. Silikosisi haiwashi pua wala macho. Humfanya mtu atweta anapopanda mlima aliokuwa akiupanda akiimba. Yeyote aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi, hata kama ana hakika kwamba ni vumbi, anapaswa kupeleka makohozi yake yapimwe. Kipimo na matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma nchini Tanzania, na mchimbaji amweleze tabibu kazi yake bila kungoja kuulizwa. Majibu yakionesha hakuna kifua kikuu, mazungumzo ya mzio yanaweza kuendelea kwa amani. Kwenye karasha lenyewe, kulowesha jiwe kabla ya kulisaga hupunguza vumbi kuliko kitambaa chochote kinachofungwa usoni, kwa kuwa kitambaa hakizuii chembe laini za silika.

Zipo dalili nyingine zisizopaswa kuingizwa katika kapu la mzio. Pua inayotoa uchafu upande mmoja tu, wenye harufu mbaya, kwa mtoto mdogo, mara nyingi ina punje ya mahindi, harage au shanga ndani yake. Pua inayotoka damu mara kwa mara upande mmoja kwa mtu mzima huhitaji kuchunguzwa na mtaalamu. Jicho linalouma na kuogopa mwanga, tofauti na linalowasha, lisitiwe dawa ya dukani kabla ya kuonwa na mtaalamu.

Baada ya utambuzi, matunzo. Mtu hawezi kuihama hewa, lakini anaweza kupunguza kiasi anachobeba. Mwenye mzio wa nyasi asiwe yeye anayefyeka uwanja wala anayepura mpunga, iwapo nyumba ina mtu mwingine wa kuishika kazi hiyo. Akikosa mbadala, afunge kanga au kitambaa chenye unyevu puani na mdomoni. Ukoka na nyasi nyingine za karibu na nyumba zikatwe kabla hazijatoa mashuke. Arudipo shambani anawe uso, abadili nguo, na akiweza aoshe nywele kabla ya kulala, la sivyo chavua ya mchana hulala naye kwenye mto. Shuka na foronya za mgonjwa zisianikwe juu ya majani msimu wa maua. Zamani ushauri wa kunawa na kufua mara kwa mara ulikuwa mzito kuutoa Kahama, palipokuwa na shida kubwa ya maji. Tangu mwaka 2009 bomba kutoka Ziwa Victoria limeurahisisha, ingawa si kwa kila nyumba. Na kuhusu ile desturi ya kufagia uwanja wa mchanga alfajiri, kazi ambayo kwa kawaida huangukia watoto wa kike: maji yanyunyizwe kwanza, na mtoto mwenye pumu apewe kazi nyingine.

Kusafisha pua kwa maji ya chumvi ni tiba rahisi inayodharauliwa. Nusu kijiko cha chai cha chumvi huyeyushwa katika robo lita ya maji yaliyochemshwa na kuachwa yapoe, kisha maji hayo huingizwa puani taratibu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kichwa kikiwa kimeinamishwa mbele na mdomo wazi. Maji yasiyochemshwa yasitumike, kwa kuwa vimelea ambavyo tumbo huvivumilia, pua haivivumilii. Ugoro, ambao wazee wengi huusifu kwa kufungua pua, hufungua kwa kulazimisha chafya huku ukizidi kukereketa utando uleule ulioumia.

Katika dawa, vidonge vya kuzuia histamini hutuliza mwasho, chafya na maji. Klorofeniramini, ambayo wengi huijua kwa jina la Piriton, bado inafanya kazi, lakini hulevya kwa usingizi. Dereva wa bodaboda, mwendesha karasha na mwanafunzi aliye katika mitihani wasiitumie mchana. Setirizini na loratadini zina usingizi mdogo zaidi na humezwa mara moja kwa siku. Kwa pua inayoziba, na kwa mzio unaodumu wiki nyingi, dawa yenye nguvu kuliko zote ni steroidi ya kupuliza puani, kama vile beklometasoni au flutikasoni. Kiasi chake ni kidogo na sehemu kubwa hufanya kazi palepale puani, hivyo haina madhara ya vidonge vya deksamethasoni wala ya sindano za steroidi zinazodumu mwilini kwa wiki, ambazo huweza kupandisha sukari na shinikizo la damu na kudhoofisha mifupa. Yupo mmoja wa kutahadharishwa: anayetumia dawa za kufubaza VVU zenye ritonaviri amweleze tabibu kabla ya kutumia steroidi yoyote, hata ya puani, kwa sababu ritonaviri huzuia mwili kuivunja baadhi yake.

Wagonjwa wengi huitupa dawa hiyo ya kupuliza siku ya tatu wakisema haifai. Haikushindwa, haikupewa muda. Huanza kuonesha nguvu baada ya siku kadhaa, na hufikia kilele baada ya wiki mbili hivi, tena ikipulizwa kila siku, hata siku ambayo pua imetulia. Hapa ndipo daftari hulipa gharama yake: ambaye kalenda yake inaonesha kwamba chafya huanza katikati ya Machi, aanze kupuliza mwanzoni mwa Machi. Kichwa kiinamishwe kidogo mbele, pua ya kulia ipulizwe kwa mkono wa kushoto na ya kushoto kwa mkono wa kulia, ncha ikielekea upande wa sikio na si katikati, ili ukuta unaogawa pua usichubuke na kutoa damu. Bei ya chupa moja humfanya mtu asite. Ajumlishe basi alichotumia mwaka uliopita kwa antibayotiki zisizohusika, sindano na siku za kazi zilizopotea. Matone ya kufungua pua kama oksimetazolini ni hadithi nyingine: yasizidi siku tano, kwani yakizoeleka pua huziba zaidi kila yanapoachwa.

Ipo pia tiba ya kuuzoesha mwili kichochezi kwa dozi ndogo zinazopandishwa polepole, iliyoasisiwa London na Leonard Noon mwaka 1911. Huchukua miaka mitatu au zaidi, huhitaji mtaalamu na uangalizi wa karibu, na si huduma ya zahanati.

Linalobaki ni kifua. Pua na mapafu ni njia moja ya hewa yenye vyumba viwili, na wagonjwa wengi wa pumu wana mzio wa pua. Pua ikipuuzwa, pumu huwa ngumu kutuliza. Mtoto anayekohoa usiku kila msimu wa nyasi, anayetoa mlio wa filimbi kifuani baada ya kukimbia, asiishie kupewa dawa ya chafya, apimwe pumu. Mwaka 2016, jioni ya tarehe 21 Novemba, dhoruba ya radi iliupiga mji wa Melbourne nchini Australia wakati nyasi zikiwa katika kilele cha maua. Unyevu ulizipasua chembe za chavua kuwa vipande vidogo vyenye uwezo wa kushuka hadi mapafuni. Maelfu walifurika hospitalini ndani ya saa chache, na watu kumi walifariki. Miongoni mwa walioathirika walikuwamo wengi waliojijua kuwa na mafua ya nyasi tu, wasiowahi kuambiwa kwamba wana pumu.

Tiba ya pumu nayo imebadilika. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa hauruhusu tena vijana na watu wazima kutegemea salbutamoli peke yake, kwa sababu huifungua njia ya hewa bila kuugusa uvimbe. Kila mgonjwa wa umri huo anastahili dawa ya kuvuta yenye steroidi. Kwa mtoto asiyeweza kuoanisha pumzi na mpulizo, chupa ya plastiki ya nusu lita yafaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 na Heather Zar na wenzake wa Cape Town ulionesha kwamba chupa ya kawaida, iliyotobolewa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa inhela na kuzibwa vizuri pembeni, huwasaidia watoto wenye shambulio sawa na kifaa cha dukani. Mtoto hushika mdomo wa chupa kwa midomo yake, dawa hupulizwa mara moja kupitia kitako, naye huvuta pumzi kadhaa za kawaida. Asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, ambaye mbavu zake zinabonyea ndani anapovuta hewa, au ambaye midomo yake imegeuka rangi, apulizwe salbutamoli mara nne hadi kumi, mpulizo mmoja mmoja, akiwa njiani kwenda hospitali. Hata akipata nafuu njiani, safari isikatishwe.

Mama wa mfano alirudi nyumbani bila antibayotiki. Alikuwa na chupa ya kupuliza, pakiti ya loratadini, na maagizo ya kutafuta daftari. Mjukuu wake wa darasa la tano ndiye mwandishi. Katika ukurasa wa mwezi wa pili mwaka uliofuata pana mstari mmoja kwa penseli: “Bibi hapigi chafya bado. Mahindi yana mbelewele. Nyasi za bondeni hazijatoa. Dawa aanze Jumatatu.”